Harufu ya chemba ndani ya nyumba, inakuja na kupotea. Fundi anataka kuvunja vigae, naombeni ushauri

Nyanda_za_Juu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za muda huu. Nyumba ipo Uyole, Mbeya. Vyumba vitatu, kimoja master, halafu kuna choo na bafu la public kwenye korido. Kuna harufu ya yai viza inayokuja na kupotea. Asubuhi kabla hatujafungua madirisha ipo, mchana unaweza kuapa hakuna kitu. Jumamosi dada akifua ndiyo balaa, inafika mpaka sebuleni. Halafu zinapita wiki kimya kabisa, tunadhani imeisha, inarudi.

Fundi wa kwanza alisema shimo limejaa. Gari la maji taka likaja likanyonya, hali ikawa ileile. Wa pili akamwaga dawa ya kuzibua kila tundu, akachukua chake akaondoka. Huyu wa tatu anasema bomba limepasuka chini ya sakafu, tuvunje vigae vya bafu lote. Kabla sijamkubalia, kuna aliyewahi kukutana na kitu kama hiki?

Kijana wa Kabwe:
Mkuu anza na soksi za wageni wako, hiyo baridi ya Uyole watu hawavui viatu wiki nzima 😂

Utani pembeni, choma gazeti, litupie kwenye chemba, funika. Moshi utakapotokea ndani ndipo penye tatizo.

Fundi Chepeo:
Kijana, hiyo usimshauri mtu. Shimo la choo linatoa methani, na methani inawaka. Ukifungua chemba hata sigara usishike. Na wewe mwenye uzi, mtu asikudanganye kuingia kwenye shimo "kuangalia kidogo". Ile hewa ya yai viza ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, unadhani harufu imeisha kumbe ndiyo imekolea. Watu wamekufa mashimoni hivyo, na aliyeshuka kuwaokoa naye akabaki hukohuko.

Nitarudi jioni na maelezo, niko saiti.

Mama Parachichi:
Kabla ya bomba, mmekagua mtungi wa gesi? Gesi ya kupikia huwekewa harufu makusudi ili ikivuja mtu ajue, na wengi wanaichanganya na harufu ya choo. Paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira wake, ukiona mapovu yanatunga funga mtungi na ufungue madirisha.

Nyanda_za_Juu:
Asante mama, nimepaka, hakuna povu. Mtungi wenyewe uko nje. Hii ni ya choo kabisa.

Mtu wa Gangilonga:
Kamwene. Kwangu hapa Iringa ilikuwa choo chenyewe. Ile raba inayounganisha sinki la choo na bomba la inchi nne ilikuwa imekaa upande, fundi akaficha kwa saruji nyeupe. Koroga bluu ya kufulia kwenye maji, mwaga chooni, flashi, kisha zungushia tishu chini ya sinki. Tishu ikigeuka bluu umepata jibu. Ila isipogeuka usijiaminishe sana, mwanya mdogo unapitisha hewa bila kupitisha maji.

Fundi Chepeo:
Nimerudi. Mkuu, bomba lililopasuka halina ratiba. Lingekuwa linanuka kila siku, au lingezidi masika na kupungua kiangazi. Harufu yako inafuata saa na inafuata matumizi, kwa hiyo fuata hivyo vitu viwili kabla hujamgusa fundi wa vigae.

Kila tundu la maji machafu (sinki la jikoni, karo la kunawia, bafu, choo) lina trapu, sehemu ya bomba iliyopinda ili maji yabaki pale. Kina chake huwa inchi mbili hivi. Maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya shimoni isipande, hakuna kingine. Yakiondoka, umekaa na shimo chumba kimoja.

Yanaondoka kwa njia mbili. Ya kwanza yanakauka: bafu halitumiki, na huku kwetu kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ni kavu mno. Ya pili yanavutwa. Ukiflashi, lita sita mpaka tisa zinashuka kwa mkupuo mmoja. Kama bomba halina njia ya kuvutia hewa juu ya bati, maji yale yanavuta kama mkia wa bomba la sindano, na yanapata hewa kwenye trapu dhaifu iliyo karibu. Ukisikia tundu la bafu linaguna "glug" choo kikiflashiwa, ndiyo hiyo.

Fanya hivi. Chukua njiti ya ufagio wa chelewa. Inua chujio la bafu la public, mwagia maji ndoo moja, chovya njiti mpaka chini, angalia imelowa mpaka wapi. Mwambie mtu aflashi choo cha master wewe ukiwa pale na tochi na masikio. Chovya tena njiti kavu. Usiku ziba matundu yote kwa nailoni na selotepu, asubuhi bandua moja moja unuse. Halafu zunguka nyumba, tafuta bomba la hewa, niambie linaishia wapi. Na lini hasa zile wiki za kimya?

Binti Makambako:
Ongezea mashine ya kufulia kama ipo. Yetu mpira wake ulichomekwa tu kwenye bomba la ukutani, hapakuwa na trapu yoyote. Tulisugua choo mpaka mikono ikachubuka.

Nyanda_za_Juu:
Hatuna mashine, dada anafua kwa mkono nje na kumwaga maji kwenye chemba ya nyuma, beseni zima kwa mara moja.

Fundi, nimefanya. Njiti ya kwanza ililowa pingili mbili za kidole. Mke wangu akaflashi master, lile tundu likaguna kweli, maji yakazama mbele ya macho yangu. Njiti ya pili imelowa ncha tu. Tundu lililonuka asubuhi ni hilohilo la public, mengine hakuna kitu.

Bomba la hewa lipo, linapanda ukuta wa nyuma ila linaishia chini ya bati, karibu na feshabodi, na limezibwa kwa kifuniko cha PVC.

Kuhusu zile wiki, mke wangu ndiye aliyekumbuka. Watoto wako bweni. Wakija likizo wanaoga bafu la public, na harufu haipo. Wakiondoka halina mtumiaji.

Kijana wa Kabwe:
Duh. Kumbe watoto ndio dawa 😂

Fundi Chepeo:
Basi usivunje kitu. Kile kifuniko mafundi hukiweka wakati wa kujaza maji kupima uvujaji, kazi ikiisha wanaondoka nacho kikiwa juu. Kitoe, unga bomba lipande kupita bati, mbali na madirisha, na uweke wavu mdomoni kuzuia ndege na popo. Ni bomba, soketi na gundi, kazi ya asubuhi moja. Beseni la Jumamosi nalo linasukuma hewa ndani ya bomba mbele yake, na trapu ikiwa tupu inatokea koridoni. Bomba la hewa likifunguka, nayo inapata pa kutokea.

Mpaka fundi aje, mwagia bafu lile maji kila mkiflashi, ni kero lakini litatulia. Ukisafiri, malizia na kijiko cha mafuta ya kula. Yanaelea juu na kuchelewesha maji kukauka.

Mtu wa Gangilonga:
Nakubali, ila aangalie na aina ya trapu. Zile za kikombe zinazouzwa bei rahisi, maji yake ni kina cha kidole kimoja kulala. Hata bomba la hewa likiwa zuri, kiangazi zinakauka upesi.

Fundi Chepeo:
Kweli. Ila yake njiti imepata pingili mbili, inafaa. Ingekuwa ya kikombe ningemwambia atoe kigae kimoja, kile chenye chujio, abadilishe.

Nyanda_za_Juu:
Ndaga fijo, wakuu. Fundi wa vigae nimemwambia asubiri. Kifuniko nimekitoa leo, nimeflashi, tundu halijaguna na njiti imelowa palepale. Kupandisha bomba ni kesho.

Mama Parachichi:
Samahani nidandie uzi. Sisi Tukuyu harufu ni masika tu, na choo kinashuka polepole. Mvua huku unaijua, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ni hewa pia?

Fundi Chepeo:
Hapana mama, hilo ni shimo la kunyonyea, lile linalopokea maji ya shimo kuu yazame ardhini. Ardhi imeshiba maji, halinyonyi, kwa hiyo shimo kuu linajaa na hewa inarudi ndani. Kwanza zuia maji ya bati na ya uwanjani yasiingie humo, chimba mfereji uyapeleke kwingine. Kama tangi lako ni la plastiki, usiite gari linyonye lote wakati wa mvua kubwa, maji ya ardhini yanaweza kuliinua likang'oa mabomba. Subiri udongo ukauke, ndipo uongeze shimo la pili la kunyonyea.