Nyumba imepinduka: kutoka turtle kwenda pygame katika kuchora maumbo

mwalimu_tehama

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafundisha TEHAMA katika shule ya sekondari, na hadi sasa wanafunzi wangu wamekuwa wakichora kwa turtle, moduli inayokuja pamoja na Python. Sasa nimetaka kuwahamishia kwenye pygame, maktaba ya Python ya kutengenezea michezo, ili baadaye waweze kutengeneza mchezo mdogo, lakini nimekwama mahali pawili.

Kwanza, nilichora kwenye karatasi ya grafu nyumba yenye ukuta wa mstatili na paa la pembetatu, kisha nikahamisha namba zake kama zilivyo. Dirisha lina pikseli 400 kwenda juu:

pygame.draw.rect(dirisha, kijivu, (100, 100, 200, 100))
pygame.draw.polygon(dirisha, nyekundu, [(100, 200), (200, 280), (300, 200)])

Paa limetokea chini ya ukuta, ncha yake ikitazama chini. Pili, nilipojaribu kusogeza duara kwa kuongeza x kidogo kidogo, duara lilisogea kweli, lakini liliacha mkia mrefu nyuma yake. Naomba maelezo ambayo nami nitaweza kuyafikisha darasani, si dawa ya kunakili tu.

pikseli_moja

Mwalimu, namba zako ni sahihi kwa karatasi ya grafu, ila dirisha la pygame halipimwi hivyo. Nukta (0, 0) iko kwenye kona ya juu kushoto, na y huongezeka kadiri unavyoshuka. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko pygame: katika skrini za kioo cha mirija, mwali wa elektroni ulipita kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, ukianzia juu, na kumbukumbu ya picha ikapangwa kwa mfuatano huohuo. Vioo vimebadilika, hesabu imebaki. Turtle ndiyo inayokwenda kinyume, kwa kuwa huweka sifuri katikati ya dirisha na y huongezeka kwenda juu, kama katika somo la hisabati.

Kubadili nukta moja ni rahisi: toa y ya karatasi kutoka kwenye urefu wa dirisha. Ncha ya paa iliyokuwa (200, 280) inakuwa (200, 120), na kitako chake kinabaki kwenye 200 kwa sababu 400 kutoa 200 ni 200. Mstatili ndio wenye mtego, na wanafunzi wengi watanasa hapo. Kwenye karatasi ulianzia kona ya chini kushoto, lakini pygame inataka kona ya juu kushoto, hivyo ni lazima utoe pia kimo cha mstatili wenyewe: 400 kutoa 100 kutoa 100. Ukuta wako basi ni (100, 200, 200, 100), na paa litakaa juu yake bila kuacha mwanya.

kijana_wa_fremu

Nitajibu suala la mkia, maana kwangu hilo ndilo zito zaidi. Pygame haijui kwamba umechora duara. Ukiiita amri ya kuchora, hupaka rangi pikseli kadhaa kwenye kumbukumbu na kusahau palepale, bila kubakiza jina wala namba ya umbo hilo. Ni sawa na ubao wako wa chaki: ukitaka mpira usogee, unafuta na kuchora upya. Kwa hiyo ndani ya kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia), kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo, ianze kwa dirisha.fill(nyeupe), ifuate michoro yote, halafu pygame.display.flip(), ambayo ndiyo huleta kwenye skrini kile kilichochorwa kwenye kumbukumbu. Weka saa.tick(60) mwishoni ili mpira usikimbie kwa kasi tofauti kwenye kompyuta mpya na ile kuukuu. Saa hapo ni pygame.time.Clock() uliyoiunda kabla ya kitanzi.

Usiache pia kusoma pygame.event.get() katika kila mzunguko. Bila hiyo Windows itadhani programu imeganda, na wanafunzi watakuita wote kwa pamoja.

bi_michoro

Wenzangu wamesema kweli, lakini sikubali kwamba hatua inayofuata baada ya turtle lazima iwe pygame. Turtle yenyewe imejengwa juu ya Canvas, yaani eneo la kuchorea la tkinter, moduli ya Python ya kutengenezea madirisha, na Canvas pia huhesabu y kwenda chini. Turtle hugeuza alama ya y kimyakimya kabla ya kuikabidhi. Tofauti yake na pygame ni kwamba kila umbo kwenye Canvas hupewa namba yake na kukumbukwa. Ikiwa c ni Canvas yako, ukiandika mpira = c.create_oval(50, 50, 90, 90), kisha c.move(mpira, 5, 0), mpira husogea bila mkia wowote, wala hufuti kitu. Angalia tu kwamba create_oval haiulizi kitovu na nusu kipenyo. Hutaka kona mbili za mstatili unaolizunguka duara.

Kwa maabara isiyo na intaneti kuna faida nyingine, Mwalimu. Ikiwa turtle inafanya kazi kwenye mashine hizo, tkinter ipo tayari, ilhali pygame husakinishwa kivyake. Kwa mchezo wenye sauti na vitu vingi vinavyokimbia, hapo nami ningechagua pygame.

mwalimu_tehama

Nawashukuru sana. Paa limekaa mahali pake na mkia umeondoka. Nitaanza na Canvas kwa kidato cha pili, na kidato cha nne waendelee na pygame. Limebaki dogo: duara la pygame lina kingo zenye meno. Je, zinalainishwaje?

pikseli_moja

Tumia pygame.gfxdraw, ambayo ni lazima uiagize kivyake kwa import pygame.gfxdraw. Chora filled_circle kwanza, halafu aacircle juu yake kwa kitovu, nusu kipenyo na rangi zilezile. Namba zote ziwe kamili. Ukiipa desimali, itakataa. Nyaraka za pygame zenyewe zinaieleza moduli hii kuwa ya majaribio, kwa hiyo ibakize kwenye maduara yanayoonekana sana, na mengine yaachie pygame.draw.circle.