Ujenzi: Kenya asilimia 6, Tanzania asilimia 13. Zinalinganishwa vipi?

Mdadisi_Rongai
Wakuu, habari za jioni. Naandaa taarifa ya kulinganisha mchango wa ujenzi katika Pato la Taifa, Kenya na Tanzania. KNBS, ofisi ya takwimu ya Kenya, wananipa kama asilimia 6. NBS, ofisi ya takwimu ya Tanzania, wanatoa 13 na kitu. Nikienda Benki ya Dunia, Kenya inakuwa kama 17 na Tanzania kama 28! Nitumie zipi? Na nikiandika kwamba Tanzania wanajenga mara mbili yetu, nitakuwa sawa?

Hesabu_Mjini
Hizo za Benki ya Dunia weka kando kwanza. Si mbovu, ila safu uliyochukua ni ya viwanda pamoja na ujenzi: ndani yake mna migodi, viwanda, umeme, maji, halafu ndipo ujenzi. Tanzania wana dhahabu, kwa hivyo safu hiyo inapanda hata pasipochimbwa msingi wa nyumba moja. Na ukitoa viwanda peke yake bado hujapata ujenzi, maana migodi na umeme vimebaki humo. Ukitaka chanzo kimoja kwa nchi zote mbili, Idara ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa hutoa ujenzi peke yake, fungu F katika orodha ya kimataifa ya sekta.

Ukibaki na KNBS na NBS, angalia bei kwanza. Tumia jedwali la bei za mwaka husika pande zote mbili. Lile la bei za kudumu, yaani linalotumia bei za mwaka mmoja wa msingi kwa miaka yote, la Kenya limejengwa juu ya 2016 na la Tanzania juu ya 2015. Ni la kupima ukuaji, si mgao. Kisha kigawanyo: kiwe Pato la Taifa kwa bei za soko, kodi za bidhaa zikiwemo. Ukigawanya upande mmoja kwa jumla ya sekta kabla ya kodi, asilimia yake inapanda bure. Mwisho, soma kichwa cha jedwali la NBS vizuri. Majedwali yao mengi ni ya Tanzania Bara tu, kwa sababu Zanzibar wana ofisi yao ya takwimu. Dola huhitaji hapa, shilingi kwa shilingi inatosha.

Bi_Takwimu
Hapo pa "mara mbili" usiandike hivyo, ndugu yangu. Mgao si kiasi. Fanya hesabu: mwaka 2023 Pato la Kenya lilikuwa takriban dola bilioni 108, la Tanzania takriban bilioni 79. Asilimia 6 ya 108 ni bilioni 6.5. Asilimia 13 ya 79 ni bilioni 10.3. Pengo la mara 2.2 limeshuka hadi 1.6. Gawa tena kwa watu, kama milioni 55 kwetu na milioni 67 kwao: dola 118 kwa dola 153, yaani mara 1.3. Na hiyo ni kwa dola za mwaka ambao shilingi yetu iliporomoka kutoka kama 123 hadi karibu 157, kwa hivyo Kenya inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Tena usichukue mwaka mmoja. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa Mei 2017, na ile barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ikafunguliwa 2022. Tanzania kwa miaka hiyo hiyo walikuwa na reli yao ya kisasa na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, vyote kwa mpigo. Chukua wastani wa miaka mitano.

Mdadisi_Rongai
Asante sana, dada. Sasa simiti inayotengenezwa Athi River inahesabiwa wapi? Na nyumba za kupangisha?

Mkadiriaji_Embakasi
Simiti ni viwanda. Mawe ya Ndarugo na kokoto ni machimbo. Mhandisi na mchoraji ramani wako kwenye huduma za kitaalamu, kodi ya nyumba iko kwenye sekta ya milki, yaani nyumba na ardhi. Tingatinga lililokodishwa pamoja na dereva ni ujenzi; likikodishwa bila dereva ni ukodishaji. Kinachobaki kwa ujenzi ni thamani iliyoongezwa pale mjengoni. Mkataba wa sh milioni 100: toa simiti, vyuma, kokoto, dizeli na huduma zilizonunuliwa, tuseme milioni 65. Ujenzi umechangia 35, na ndani yake mna mishahara ya mafundi na vibarua pamoja na faida ya kontrakta. Ndiyo maana usilinganishe mgao huu na uwekezaji katika majengo, ambao huhesabu zile milioni 100 zote.

Shida kubwa ni nyumba ambazo mwenyewe anajijengea kidogo kidogo, bila kontrakta wala karatasi. Hizo hukadiriwa, na mara nyingi kwa kufuata simiti iliyotumika. Makadirio yakitofautiana, mgao unatofautiana hata kama ukuta ni ule ule. Kwa hivyo weka safu ya pili ya kuhakikisha: simiti iliyozalishwa, ongeza iliyoagizwa, toa iliyouzwa nje, gawa kwa idadi ya watu. Klinka iliyoagizwa, yaani yale madonge yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa simiti, usiijumlishe na simiti, itahesabiwa mara mbili, maana inasagwa hapa hapa na kuchanganywa na jasi na majivu ya volkeno. Kilo kwa kila mtu zikienda njia moja na zile dola 118 na 153, andika kwa ujasiri. Zikipingana, kosa litafute kwanza kwenye makadirio ya nyumba za kujijengea.