Cheti cha Nikahi cha Zuhura: Gumzo la Kikundi cha Ukoo wa Mzee Mbwana

JUMAMOSI

[05:52] Shangazi Mwanaidi: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeswali, nimekunywa chai, na leo naandika kwa kirefu kwa sababu wiki iliyopita niliandika kwa kifupi na aliyenijibu alikuwa mmoja tu, naye alinitumia picha ya ua. Idrisa, mume wa Zuhura, amekwisha kupanga nyumba Sharjah na kodi inahesabika tangu mwanzo wa mwezi. Mshahara wake umefika dirhamu 4,000, kiwango ambacho serikali ya kule inamtaka mtu awe nacho ndipo aombee ukaazi mke na watoto. Kilichobaki chote kiko huku kwetu.

[05:58] Shangazi Mwanaidi: Hati ni mbili, cheti cha nikahi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wao Aisha. Kila kimoja kihakikiwe kwanza na ofisi iliyokisajili, kisha kigongwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Ubalozi wa Falme za Kiarabu hapa Dar es Salaam, na kikifika kule Idrisa akipeleke Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao, ambako muhuri wa hati moja ni dirhamu 150. Hatua hairukwi, kwa sababu kila ofisi inathibitisha sahihi na muhuri wa ofisi iliyotangulia tu, haithibitishi ukweli wa kilichoandikwa ndani. Kwa hiyo Jumatatu nitakwenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, na vyeti vyote viwili. Naomba kila mmoja aseme atasaidia nini.

[07:31] Zuhura: Ahsante sana, Shangazi. Lakini Aisha alizaliwa Unguja, na cheti chake hakikutolewa na RITA. Kilitolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, kwa hiyo uhakiki wake itabidi ufanyike huko huko.

[07:33] Shangazi Mwanaidi: Kwa nini naambiwa leo?

[07:35] Zuhura: Nilikuambia siku ya Idd, Shangazi, ulipokuwa unagawa pilau.

[07:36] Shangazi Mwanaidi: Mtu anayegawa pilau haambiwi mambo ya vyeti. Basi nani ana mtu Unguja?

[11:20] Omari Muscat: Mama, mbona mnajichosha bure? Mhindi ninayefanya naye kazi hapa alileta vyeti vyake na karatasi moja tu iliyobandikwa nyuma, inaitwa apostili. Hakwenda ubalozi wowote. Ombeni hiyo, mambo yaishe kwa siku moja.

[11:42] Idrisa Sharjah: Ndugu yangu Omari, nilitamani na mimi iwe hivyo. Apostili inatokana na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, na inafaa pale tu ambapo nchi iliyotoa hati na nchi inayoipokea zote zimeingia katika mkataba huo. India iliingia mwaka 2005 na Oman mwaka 2012, ndiyo maana Mhindi wako amepita bila jasho. Tanzania haimo, na Falme za Kiarabu nazo hazimo, kwa hiyo sisi tunapita njia ndefu, ofisi kwa ofisi.

[11:50] Kaka Shabani: Kwani tatizo ni mihuri? Mimi nina fundi Ngamiani, mpe soli ya kandambili na wembe, baada ya robo saa atakukabidhi muhuri wa wizara yoyote, hata ya nchi ambayo haijaanzishwa.

[11:51] Rukia: Kaka Shabani, umenichekesha mpaka Bibi ameuliza kuna nini.

[11:53] Kaka Shabani: Mwambie Bibi kwamba mjukuu wake ameteuliwa kuwa balozi.

[11:54] Omari Muscat: Naomba kuteuliwa katibu wa ubalozi.

[12:02] Shangazi Mwanaidi: Shabani, wewe ndiye wa mwisho kutania jambo hili. Uliwapa vishoka shilingi 180,000 nje ya ofisi moja, wakakuletea karatasi yenye jina la wizara lililokosewa herufi, na aliyekulipia nauli ya kurudi Tanga ni mimi. Nimeuliza swali na silioni jibu lake: nani ana mtu Unguja?

[16:47] Juma Baba Mdogo: Nimeona ujumbe.

[16:49] Shangazi Mwanaidi: Umeuona, halafu?

JUMAPILI

[09:14] Shangazi Mwanaidi: Nimefungua bahasha aliyoileta Zuhura jana jioni, na nimekuta mambo mawili ambayo ni afadhali ningeyakuta kabla Idrisa hajalipa kodi. La kwanza, cheti cha nikahi kimepigwa laminesheni. Plastiki imeshagandamana na karatasi, pembeni imegeuka rangi ya njano, na chini kabisa, karibu na sahihi ya sheikh, kuna sisimizi aliyekaushwa humo ndani na miguu yake yote. Muhuri haushiki juu ya plastiki, na nyuma ya cheti, mahali ambapo wizara na ubalozi hugonga, ndiko plastiki imejikunja zaidi. Nani alifanya kazi hii?

[09:20] Kaka Shabani: Ilikuwa zawadi ya harusi kutoka dukani kwangu, Shangazi. Nililamineti kwa mapenzi, ili ndoa isilowe.

[09:21] Omari Muscat: Na sisimizi ni shahidi wa tatu.

[09:22] Kaka Shabani: Yeye peke yake ndiye hajawahi kuondoka kwenye ile ndoa.

[09:30] Shangazi Mwanaidi: Nikikuta utani mwingine, nitakutoa kwenye kikundi. Ukijaribu kuibandua hiyo plastiki, inabanduka pamoja na maandishi, basi asiguse mtu. Tutaomba nakala nyingine RITA, kwa kutegemea kwamba sheikh aliyefungisha alipeleka nakala yake huko kama sheria ya ndoa inavyotaka. Hilo nitalijua kesho.

[09:41] Shangazi Mwanaidi: La pili ni zito kuliko la kwanza. Cheti cha nikahi kinasema Zuhura Salimu. Pasipoti inasema Zuhura Bakari. Cheti cha Aisha, kwenye nafasi ya mama, kimefuata pasipoti. Mke ni mmoja, karatasi zinasema wanawake wawili.

[09:55] Idrisa Sharjah: Shangazi, hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Mtu anayenijazia maombi huku aliangalia picha za hati akaniuliza kama nina wake wawili. Nikamjibu kwamba ni mmoja, akasema basi majina yawe mamoja katika hati zote, la sivyo hata mihuri ikitimia maombi yanaweza kurudishwa na ada zikapotea.

[10:10] Shangazi Mwanaidi: Kwa maoni yangu, njia nyepesi ni hii. Tukaape mbele ya wakili kwamba Zuhura Bakari na Zuhura Salimu ni mtu mmoja, kisha tuombe cheti cha nikahi kirekebishwe kifuate pasipoti. Tukitaka kwenda upande wa pili, yaani kila kitu kiwe Salimu, itabidi tuanzie kwenye cheti chake cha kuzaliwa, tuje kwenye kitambulisho cha Taifa, halafu Uhamiaji kwa pasipoti mpya, halafu Unguja tena kwa cha mtoto. Hesabuni wenyewe ni milango mingapi. Kaka Bakari, wewe ndiye uliyekishughulikia cheti cha kuzaliwa alipokuwa anaanza darasa la kwanza. Tunahitaji kauli yako, na tunahitaji lile tangazo la kizazi la hospitali ambalo liko kwenye sanduku la bati.

[10:12] Baba Mkubwa Bakari: Ujumbe huu umefutwa.

[10:40] Shangazi Mwanaidi: Kaka, tumeona kwamba umeandika ukafuta.

[13:05] Shangazi Mwanaidi: Kaka Bakari?

[14:26] Baba Mkubwa Bakari: Nilitaka kunyamaza, lakini kwa kuwa nimeitwa mara mbili mbele ya watoto, nitajibu mbele ya watoto. Mwaka ule karani aliniuliza baba wa mtoto ni nani, na mtoto nilikuwa nimemshika mkono, ana sare mpya niliyoinunua mimi, na ndugu yangu alikuwa baharini mwaka wa tatu bila barua wala salamu. Nikasema baba ni mimi. Hakuna aliyenipinga wakati ule, wala miaka yote niliyolipa ada. Mlinipinga siku ya nikahi, mkaandika jina mlilolitaka na mkafungisha nikiwa Segera. Sasa jina langu limekuwa na manufaa kwa sababu limo kwenye pasipoti.

[14:31] Juma Baba Mdogo: Kaka, mambo ya Segera tulikwisha kuyazungumza.

[14:32] Baba Mkubwa Bakari: Mliyazungumza ninyi. Basi lilikuwa limeharibika, nilipiga simu mara nne, na wewe Juma ndiye uliyekaa kwenye nafasi ya walii.

[14:40] Juma Baba Mdogo: Sheikh alikuwa na nikahi nyingine saa kumi.

[14:58] Zuhura: Baba Mkubwa, shikamoo. Mimi sikujua kwamba ulikuwa Segera. Niliambiwa kwamba umesusa.

[15:03] Shangazi Mwanaidi: Haya tutayakalia siku nyingine tukiwa tumekaa kweli. Leo naomba jibu la mambo mawili tu, kiapo na sanduku.

[15:04] Kaka Shabani: Baba, hata mimi niliambiwa kwamba umesusa.

[18:22] Rukia: Bibi ameniomba nimsomee ujumbe wote tangu jana, na nimemsomea, isipokuwa wa kandambili. Sasa ananiambia niandike, nami naandika kama anavyosema bila kupunguza.

[18:34] Rukia: "Mimi ni mama yenu. Salimu yuko kaburini, hana mdomo. Nikahi ya binti yake imetajwa jina lake, na watu waliokuwa msikitini wamelisikia. Hakuna mwanangu atakayekwenda kwa wakili kuliondoa jina la maiti kwenye karatasi ya nikahi kwa sababu foleni ni ndefu. Bakari, ulimlea yule mtoto, na mimi ni shahidi wako duniani na akhera. Kulea kwako hakufutwi na karatasi yoyote. Lakini mzazi wake ni Salimu. Hilo sanduku nililinunua mimi kwa fedha za mkonge. Liletwe kwangu Muheza, ulilete wewe mwenyewe, asitumwe mtu."

[18:35] Rukia: Bibi amesema nisiongeze kitu.

[21:10] Mama Zuhura: Nimesoma.

JUMATATU

[06:05] Shangazi Mwanaidi: Nimeheshimu neno la Mama, na usiku kucha nimekuwa nikilipigia hesabu. Nia yangu ilikuwa kuokoa muda, haikuwa kumfuta marehemu. Tukilifuata, basi tangazo la kizazi ndilo ufunguo, kwa sababu liliandikwa hospitali siku aliyozaliwa, kabla ya karani na kabla ya sare, na kama nafasi ya baba imeandikwa Salimu, hapo tutakuwa na ushahidi wa kuomba cheti cha kuzaliwa kirekebishwe. Pamoja nalo kitatakiwa kiapo cha aliyeandikisha jina la kwanza, na huyo ni Kaka Bakari. Idrisa, hii si kazi ya wiki mbili. Zungumza na mwenye nyumba.

[06:48] Idrisa Sharjah: Nimeelewa, Shangazi. Nyumba haina mlango wa kurudi, kwa sababu hundi za kodi nimekwisha kuzitoa. Nitatafuta mtu wa kulala naye chumba kimoja tugawane kodi mpaka Zuhura atakapokuja. Naomba tu Aisha asichelewe umri wa kuandikishwa shule huku.

[07:15] Omari Muscat: Kwa kuwa mambo yamekuwa hivi, je, Aisha na cheti chake hawawezi kutangulia?

[07:17] Zuhura: Ana miaka mitatu, Omari. Atangulie na nani?

[12:39] Shangazi Mwanaidi: Niko RITA. Nimejaza maombi ya nakala ya cheti cha nikahi. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja ambaye cheti chake kimelaminetiwa kama chetu, na cha kwake kina picha ya waridi juu. Tumekaa benchi moja tukalaumu wapwa zetu. Nimeambiwa nisubiri, daftari litafutwe.

[12:44] Kaka Shabani: Shangazi, nakala mpya ikitoka sitaigusa. Nitainunulia bahasha ngumu kwa fedha zangu, nalo ni tangazo rasmi la ubalozi.

[12:50] Rukia: Kaka Shabani, hapo umesema kweli. Kuhusu Unguja, rafiki yangu wa chuo anakaa Mwanakwerekwe na amekubali kukipeleka cheti cha Aisha kwa uhakiki, lakini anataka cheti halisi, si picha. Nani atavuka nacho?

[15:30] Shangazi Mwanaidi: Nani atavuka nacho? Watu ishirini na tatu wamesoma ujumbe huu.

[17:55] Juma Baba Mdogo: Mimi nina safari ya Unguja, lakini ni baada ya mwisho wa mwezi.

[17:56] Shangazi Mwanaidi: Baada ya mwisho wa mwezi upi, Juma?

[20:19] Baba Mkubwa Bakari: Mama, shikamoo. Nimelifungua sanduku. Tangazo lipo, limekunjwa mara nne ndani ya daftari la madarasa la Zuhura, na wino wake umefifia katikati. Jina la mtoto linasomeka, na tarehe inasomeka. Kwenye nafasi ya baba naona herufi ya S, na zinazofuata zinahitaji mtu mwenye macho kuliko yangu. Nitakuja Muheza na sanduku zima. Kuhusu kiapo, nitasema mbele yako kama nitaapa au sitaapa, sitasema hapa.

[20:21] Zuhura: Marahaba, samahani, nilimaanisha shikamoo, Baba Mkubwa. Mikono inatetemeka. Utakuja lini?

[20:23] Shangazi Mwanaidi: Kaka, piga picha hilo tangazo uitume hapa sasa hivi, kwenye mwanga wa mchana kesho upige nyingine, na tafadhali Shabani asikae nalo chumba kimoja.

[20:40] Rukia: Bibi anauliza kama atakuja kwa basi la asubuhi au la jioni, ili ajue atapika nini.

[22:02] Baba Mkubwa Bakari: Mwambie nitapiga simu nikifika Segera.