Trimu inashusha mashine lakini haipandishi, naombeni ushauri kabla sijanunua pampu

BotiJambiani:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina boti ya faiba yenye mashine ya farasi 60, mipigo minne, napeleka wageni mwambani. Tangu juzi kitufe cha trimu (pampu ya oili inayonyanyua na kushusha mashine nyuma ya boti) kinashusha mashine vizuri, ila nikibonyeza kupandisha haiendi popote. Huku kwetu hilo ni tatizo kubwa. Siku za bamvua maji yakitoka, ndani ya mwamba panabaki mchanga na mawe matupu, na mashine isiponyanyuka propela ndiyo inayobeba boti. Kwa sasa tunalegeza skrubu ya pembeni na kuinyanyua kwa mikono, mimi na baharia wangu. Fundi aliyekuja anasema pampu imekufa, ninunue seti nzima. Bei yake inanimalizia mapato ya msimu. Kuna kitu cha kuangalia kwanza?

Kilindoni_Kwetu:
Pole sana kaka. Chumvi ikishaingia kwenye pampu hakuna dawa. Tafuta ya mtumba, inapatikana Dar.

FundiWaPwani:
Wa aleikum salaam. Usinunue kitu bado. Ukibonyeza kupandisha, unasikia nini? Mota ikivuma na mashine haiendi, tunaanza na oili na hiyo skrubu ya pembeni. Mashine kama yako ina uzito wa zaidi ya kilo 100, kwa hiyo kushuka peke yake hakuthibitishi kwamba pampu inasukuma. Mota ikiwa kimya, hilo ni la umeme na pampu hamna sababu ya kuigusa.

BotiJambiani:
Nasikia "ta" moja chini ya kava, basi. Nikishusha, mota inavuma kama kawaida. Skrubu tukimaliza kunyanyua tunaikaza tena. Betri nimepima, volti 12.6.

FundiWaPwani:
Vizuri, umenipa karibu jibu lote. Mota ya trimu kama hiyo ina nyaya mbili nene. Inazunguka kulia na kushoto kwa brashi zile zile (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya mota), kinachobadilika ni waya upi umepata chanya. Ikiwa inashusha, brashi ni nzima. Anayebadilisha mwelekeo ni rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme wa kitufe), moja ya kupandisha na moja ya kushusha. Zikitulia, zote mbili huunganisha nyaya za mota na hasi. Ukibonyeza kupandisha, rilei ya kupandisha inaruka na kupeleka chanya kwenye mota, na umeme unarudi hasi kupitia rilei ya kushusha, ambayo muda huo imetulia.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mashine haipandi, wanabadilisha rilei ya kupandisha, kumbe iliyooza ni mwenzake.

Fanya hivi. Ncha hasi ya mita iweke kwenye hasi ya betri. Baharia abonyeze kupandisha, wewe upime nyaya nene za mota moja moja, zikiwa zimechomekwa. Kwenye mashine nyingi bluu ni kupanda na kijani ni kushuka. Bluu ikiwa haina kitu, rilei ya kupandisha haipitishi, au haipati umeme. Bluu na kijani zote zikisoma karibu na 12, umeme umefika kwenye mota ila umekosa njia ya kurudi. Mikono yote iwe mbali na bano la mashine mnapobonyeza, ikija ghafla inakata kidole.

Mwambao_Tanga:
Samahani kuingilia uzi wa mwenzangu. Yangu inapanda, ila nikiiacha juu jioni, asubuhi naikuta imeshuka.

FundiWaPwani:
Yako ni ya oili. Angalia skrubu ya kufungulia kwa mkono imekazwa hadi mwisho, kisha futa vizuri mguu wa silinda uone kama oili inavuja kwenye sili (mpira wa kuzuia oili). Kupima kiwango, pandisha mashine mpaka juu kabisa na uifunge kwa kile kishikio chake. Kizibo usikifungue mashine ikiwa chini, oili ina shinikizo na inaweza kukurukia usoni. Oili ifike kwenye mdomo wa tundu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, imwage na ubadilishe. Soma kitabu cha mashine ujue aina ya oili, nyingi zinatumia ya giaboksi otomatiki. Ukishajaza, ipandishe na kuishusha mara nne au tano hewa itoke, halafu upime tena. Ikiendelea kushuka baada ya hapo, ni sili au vali za ndani.

BotiJambiani:
Nimepima. Bluu 12.3, kijani 12.2, zote mbili! Nikatoa rilei, ziko sawasawa, nikazibadilishana nafasi. Sasa inapanda na haishuki.

FundiWaPwani:
Basi umeikamata. Ile iliyokuwa upande wa kushusha ndiyo mbovu. Pointi yake ya kupumzikia, ile inayounganisha mota na hasi rilei ikitulia, imeliwa na kutu, na sasa iko upande wa kupandisha, ndiyo maana tatizo limehamia kushuka. Nunua rilei moja tu.

Kilindoni_Kwetu:
Hii sikuijua, ahsante fundi. Rilei ya gari ya pini tano haifai?

FundiWaPwani:
Itafanya kazi, ila nyingi hazikuzibwa kuzuia maji, na mota hii inavuta umeme mwingi. Kwa boti ya abiria mimi siiweki. BotiJambiani, tafuta iliyozibwa yenye namba ile ile, na kabla hujaichomeka piga msasa laini soketi mpaka shaba ing'ae, maana ukijani ukibaki mle na hiyo mpya utaiua. Grisi ya umeme juu yake. Mpaka utakapoipata, acha zilivyo sasa, kupanda ndiko unakokuhitaji maji yakitoka, na kushuka utalegeza skrubu. Kumbuka kuikaza kabla hujawasha, la sivyo ukirudi nyuma mashine itanyanyuka yenyewe.

BotiJambiani:
Nimeelewa. Kesho naingia mjini na rilei mkononi nikatafute ya namba hiyo.