Mashua ya futi 22: nifunge mashine ya HP ngapi?

mwana_mashua
Assalaam aleikum wana baraza. Niko Lamu. Marehemu baba aliniachia mashua ya tanga ya futi 22, imeundwa Matondoni. Nabeba wageni sita hadi wanane: Takwa maji yakijaa, Manda Toto kuogelea, jioni Shela kutazama jua likitua. Upepo ukiwapo sina shida na mtu, balaa ni ukikata. Wiki jana ulikata tukiwa Ras Kitau, siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu kuliko kawaida, wakati huo yanapwa, mkondo ukatuvuta nje. Tulipiga kasia mpaka viganja vikatoka malengelenge, mgeni mmoja akaanza kulia. Sasa kuna jamaa ana mashine ya HP 40 (nguvu za farasi) iliyotumika, bei yake karibu sawa na 15 mpya. Si heri nichukue kubwa nimalize?

fundi_wa_shetri
Waaleikum salaam. Usichukue. Chombo cha tanga tumbo lake limezama, husukuma maji, hakipandi juu yake kama zile boti za faiba. Mwendo wake hufungwa na urefu wa pale kinapogusa maji. Tuseme futi 20: tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata kama maili 6 za bahari kwa saa. Hapo ndipo mwisho. Ukizidi kukanyaga, shetri (nyuma) inazama, omo (mbele) inainuka, petroli inakwisha na mwendo ni ule ule. Tena 40 inapita kilo 70. Ining'inize ubavuni mwa usukani uone mashua itakavyolala.

mvuvi_wa_ziwani
Niko Kisumu, boti yetu ya tanga ni futi 18 na tumefunga 4. Yatutosha kurudi ufukweni upepo ukilala.

fundi_wa_shetri
Ziwani sawa, ndugu yangu, huko hakuna kupwa na kujaa. Sisi hukisia HP 4 kwa kila tani. Mashua yake na watu ndani yakaribia tani 2, basi 8 ingemsukuma maji yakiwa shwari. Lakini mlango wa Shela siku ya bamvua, na upepo wa kusi usoni? Afunge 15, asipite hapo.

bint_faza
Na mafuta mhesabu. 8 ikikanyagwa mpaka mwisho hunywa kama lita 3 kwa saa, 15 karibu 6. Ila 15 ukiiendesha nusu haikuli sana, na haichoki upesi.

nahodha_mzee
Wanangu, mwazozana juu ya nguvu na hakuna aliyeuliza shafti, ule urefu wa mguu wa mashine toka inapofungwa hadi bapa la juu ya pangaboi, lile linalozunguka majini! Mimi nilinunua 15 shafti fupi, ya inchi 15, kwa sababu ilikuwa rahisi. Nje ya Kipungani, mwezi wa saba, kila wimbi likiinua shetri pangaboi linatoka majini, mashine inapiga kelele kama blenda tupu, chombo hakiendi. Nikapandisha tanga nikarudi kwa upepo, nina mashine ya laki nzima inaning'inia kama pambo. Mwanangu, pakia watu wako, kisha pima kutoka pale mashine itakapokaa hadi usawa wa maji. Lile bapa la juu ya pangaboi lazima lizame, hata mashua ikilala upande. Kwa shetri za kwetu, ya inchi 20 ndiyo ya kuanzia.

mwana_mashua
Ami, nimetoka kupima sasa hivi, vijana wanane ndani. Ubao wa kufungia nikiuweka juu ya shetri, maji yako inchi 17 chini. Nikiushusha inchi 4, ubavu wa kushoto, ni 13.

nahodha_mzee
Ushushe, na uchukue shafti ya inchi 20. Ubao uwe mnene, bolti zipenye hadi ndani, usitegemee zile skrubu za mkono peke yake. Na kamba ya usalama, mashine ngapi zimelala chini ya mkondo ule!

fundi_wa_shetri
Muuzaji mwambie akupe pangaboi la chombo kizito, sio la spidi. Na kila ukirudi, iendeshe kidogo kwenye pipa la maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, kutoa chumvi.

mwana_mashua
15, shafti ndefu, basi. Yule wa 40 nimeshamwambia. Amekasirika kidogo. Fundi, usukani ukigeuka kushoto mpaka mwisho unakaribia kugusa ubao. Niusogeze ubao, au nipunguze mkono wa usukani?

fundi_wa_shetri
Usikate kitu. Ntapita Ijumaa baada ya sala.