Saz ya shingo ndefu: waya wa La unakatika, perde nazo zinanichanganya

Nyuzi_Jinja
Wadau, salaam. Saz (ala ya nyuzi ya Kituruki) ya shingo ndefu, nyuzi saba katika makundi matatu, naikaza kwa noti La-Re-Sol, kundi la chini hadi la juu, kwa tyuna ya simu (programu ya kupima noti). Waya mwembamba wa chini unakatika kabla ya kufika La. Perde (vile vifungo vya shingoni vya kubonyezea waya) ya pili haifiki noti ya Si, je, niisogeze? Na ya 12 hailingani na waya ulio wazi, hata nikisogeza daraja (kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ubao wa uso).

Fundi_Adungu
Ndugu, hiyo La unayoitafuta, ya hezi 440 (mitetemo kwa sekunde), si yake. Tyuna nyingi huonyesha jina la noti tu, wewe angalia hezi. Waya wa milimita 0.20 kwenye urefu wa sentimita 88 hivi lazima ukatike. Kundi la chini: nyuzi mbili laini kwenye 220, na ule uliovingirishiwa waya mwingine kwenye 110. Kati, nyuzi mbili za 0.30, Re ya 147. Re hiyo iko chini ya La, wengi huipandisha juu na kuumiza shingo. Kundi la juu, Sol: 196 na 98.

Ukimaliza, rudia yote mara mbili. Ukikaza kundi moja, ubao wa uso huzama kidogo na mengine hulegea.

Udi_na_Saz
Hiyo perde ya pili iache! Ni Si bemol 2, inakaa kati ya Si bemol (Si iliyoshushwa nusu toni) na Si, na makam (mpangilio wa noti wa Kituruki) ya Hüseyni haiendi bila yake. Si yenyewe ni perde ya tatu.

Mambo ya 12 ni ya gitaa. Hapa oktavu moja (kutoka noti hadi ileile ya juu yake) ina perde 17. Gusa waya juu ya perde ya 17 bila kubonyeza, usikie mlio wa kengele, kisha bonyeza. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha daraja nyuma, mbali na shingo, milimita moja moja. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Legeza nyuzi kwanza, na usilitie gundi.

Nyuzi_Jinja
Kumbe! Na perde zikiteleza? Vigingi pia vinarudi nyuma.

Fundi_Adungu
Perde ni nailoni tu. Chukua ya kuvulia samaki, milimita 0.8 hivi, inauzwa mialoni yote ya ziwani. Izungushe mara tatu, fundo likae ubavuni, upande wa juu, lisikwaruze kiganja. Kigingi kinachoteleza kipake chaki, kisha kisukume ndani huku ukikizungusha. Msimu wa mvua mti huvimba, kikigoma kabisa paka sabuni kavu, kidogo sana.