Gari la michezo haliwaki injini ikiwa ya moto, naomba ushauri

Habari za wakati huu wakuu. Nina gari la michezo la viti viwili, injini ya petroli yenye turbo, gia za mkono. Nalipenda sana na matengenezo madogo nafanya mwenyewe nyumbani.

Likiwa la baridi linawaka mara moja. Shida inakuja nikiliendesha mpaka lipate moto, nikalizima na kuliacha kama robo saa. Nikirudi, stata inazungusha kwa nguvu lakini injini haishiki kabisa. Likishapoa linawaka kama vile halikuwa na tatizo, na barabarani halijawahi kuzima.

Betri ikipumzika inasoma volti 12.6, plagi nimeweka mpya, chujio la hewa ni safi. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu za gari haioni chochote. Jambo moja linanitia shaka: linapogoma, mshale wa RPM (kasi ya mzunguko wa injini) hausogei hata kidogo wakati stata inazunguka, ila linapowaka vizuri huwa unacheza. Ndiyo maana nafikiria sensa ya krenki, yaani kihisi kinachoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Lakini pampu ya mafuta naisikia ikilia, na kipimo cha presha sina, kwa hiyo upande wa mafuta siwezi kuuondolea shaka.

Je, mshale kutosogea unatosha kuihukumu sensa, au kuna magari ambayo mshale hulala tu wakati wa kupiga stata? Na nikiipoza sensa kwa maji baridi linapogoma, kisha likawaka, hicho ni kipimo cha kuaminika? Turbo iko karibu nayo na ni ya moto sana, naogopa kupasua kitu.